Gauni lililofika Kasoli kabla ya washenga

Saa moja asubuhi, umeme umekatika Bariadi mjini, na Rahma Tajudin anapuliza mkaa kwenye pasi. Majivu yanamrukia kwenye ushungi. Anayapangusa bila haraka, anapiga miayo, anarudi kupuliza.

Mteja wa kwanza hajakaa hata kwenye benchi. "Rahma, kumbe upo? Mbona huonekani siku hizi? Mimi nilijua umehama."

"Nipo, dada. Hapa hapa siku zote."

Mteja huyo anakaa mtaa wa pili. Anapita mbele ya mlango huu asubuhi na jioni. Lakini kwa kuwa hamwoni Rahma kwenye simu, basi kwake Rahma hayupo. Siku hizi ndivyo tulivyo.

Rahma, mwenye miaka 38, ni fundi cherehani. Simu yake kubwa ameipeleka Nyashimo kwa mdogo wake, Shifa, amtunzie. Yeye amebaki na kiswaswadu cha kubonyeza, kinachopiga, kupokea na kuwasha tochi.

"Nimepumzika mtandaoni," anasema, akiipima pasi kwa kidole kilicholowa mate. "Wengine wanasema nimefilisika. Wengine wanasema nimeachika. Mume wangu yupo nyumbani anakunywa chai."

Kabla ya hapo, anasimulia, gauni halikutoka kibandani bila kupigwa picha. Mteja akija kujipima, picha. Akija kuchukua, picha, kisha video akijizungusha. Zote ziliingia kwenye status na kwenye makundi ya akina mama, na wateja walimfuata kwa wingi hadi kutoka Lamadi.

"Lakini ukimweka huyu, yule ananuna. Anakuuliza, mbona mimi hukuniposti, gauni langu lilikuwa baya? Mwingine anakuuliza bei nyumba nzima imeshalala. Usipojibu, unaringa. Nilikuwa nashona jicho moja likiwa kwenye simu. Nimewahi kujidunga sindano ya cherehani kwenye kidole, namsikiliza mtu kwenye ujumbe wa sauti ananisimulia ugomvi wake na wifi yake. Simjui yeye, simjui wifi."

Anacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Kisha ananionyesha kovu.

Hata hivyo, si kovu lililomfanya azime simu. Sababu inaning'inia ukutani nyuma ya cherehani, imefunikwa kwa shuka: gauni jeupe la Ng'washi, binti anayeuza kwenye duka la pembejeo hapa mjini.

Ng'washi alileta kitambaa mapema, kabla pamba haijaanza kuvunwa, kwa sababu pamba ikishauzwa harusi hufuatana na mafundi huwa hawashikiki. Washenga wa upande wa kijana walikuwa bado hawajatumwa. Mama yake, Justina, alikuwa akisubiri Jumapili aende Kasoli kumdokeza shemeji yake, Mzee Mayige, ambaye ndiye aliyemlea binti tangu baba yake alipofariki. Kwa desturi yao, habari ya namna hiyo mzee anaambiwa kwa mdomo, amekaa kwenye kigoda chake, kabla ya mtu yeyote wa nje.

Rahma hakuuliza. Ng'washi alipojipima, gauni likamkaa vizuri mno, na mkono wa fundi ukaenda kwenye simu wenyewe. Akaandika chini ya picha: "Bibi harusi wetu mtarajiwa, msimu huu wa pamba tunacheza."

Siku hiyo Mzee Mayige alikuwa mnadani anauza dume lake. Dalali mmoja akamsogezea simu usoni na kumpa mkono wa hongera. Akamuuliza, mbele ya watu, ameitisha ng'ombe wangapi.

"Ng'ombe wa harusi asiyoijua," anasema Rahma. "Mtu mzima yule, kasimama na kamba ya dume mkononi. Nikikumbuka hapo naona aibu mpaka leo."

Washenga walipofika Kasoli hawakupewa hata kigoda. Mzee aliwajibu wakiwa wamesimama langoni, kwamba anayetaka kuoa aende akachumbie kwenye simu, maana ndiko binti aliko. Wakarudi. Bila yeye hakuna wa kupokea ng'ombe, na bila ng'ombe hakuna harusi.

Ng'washi alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi, akalia bila kumlaumu mtu. Rahma anasema angetukanwa ingekuwa afadhali.

Picha ikafutwa. Siku chache baadaye Rahma akaongozana na Justina hadi Kasoli kuomba radhi. Walipewa maji ya kunywa. Mzee aliuliza mambo mawili tu. Kwanza, kama picha imefutwa. Rahma akasema imefutwa. "Na walioiona je?" akauliza mzee. Rahma aliporudi mjini akapanda gari la Nyashimo na simu yake.

Mapumziko hayo hayakuja bure. Zamani alishona magauni kumi kwa wiki. Sasa yakifika matano anashukuru. Mumewe, Mudathiri, ambaye ana duka la vipuri vya baiskeli, hapendezwi.

"Mimi namwambia, kosa ni la picha moja, wewe unafunga duka zima," anasema Mudathiri alipopita kumletea mkaa. "Mafundi wenzake wanaposti, wanakula. Sisi tunakaa na huruma."

Rahma anaongeza mkaa kwenye pasi mpaka mumewe anaondoka. "Ana haki yake," anasema kwa sauti ya chini. "Ila yeye anadhani ni la Ng'washi peke yake. Mimi nimechoka. Nilichoka zamani, sikuwa na mahali pa kuanzia kusema. Sasa hivi nikilala, nalala."

Mnamo saa nne bodaboda inasimama mlangoni. Anashuka mzee mrefu, amevaa kofia ya pama, kwapani ana mfuko wa rambo. Rahma anasimama ghafla mpaka mkasi unaanguka.

"Wangaluka, mayu," mzee anamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Wangaluka, baba. Karibu ukae."

Ni Mzee Mayige. Ndani ya mfuko mna koti la suti, la zamani, lenye harufu ya dawa ya nondo. Analivaa, vifungo havikutani. "Nilikuwa mwembamba," anasema. "Liongeze hapa kiunoni."

Rahma anazungusha futi kiunoni mwa mzee. Hathubutu kuuliza koti ni la shughuli gani. Mzee anaiangalia mashine, anaiangalia pasi, kisha anaelekeza kidevu ukutani. "Ndilo lile?"

Rahma anaondoa shuka. Mzee analitazama gauni kuanzia begani hadi chini, mikono ameifunga nyuma.

"Kwenye simu lilikuwa dogo," anasema.

Kisha anaeleza, kwa utaratibu, kwamba washenga walirudi juzi. Safari hii, radhi ikiwa imeshaombwa, walipewa vigoda. Ng'ombe wamezungumzwa, na tarehe imepatikana. "Wewe ni mtu wa kwanza wa nje kuambiwa," anamwambia Rahma. "Ndiyo maana nimekuja na miguu yangu." Anainama, anamnong'oneza tarehe sikioni. Rahma anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka, na hayafuti.

Nilijitambulisha kwa mzee na kumuomba ruhusa ya kuandika habari hii, kwa kuwa Rahma na Ng'washi walisema isichapwe kabla hajaulizwa. "Gazeti si ni simu ya karatasi tu?" akaniuliza. Kisha akasema niandike, maana aibu ya mnadani walishaiona wengi, na mwisho wake nao wauone.

Rahma anasema simu ataifuata Nyashimo harusi ikishapita. Ataposti tena, kwa kuwa watoto wanakula. Ila ataposti mchana tu, na kabla ya picha atamuuliza kila bibi harusi: nyumbani kwenu, nani bado hajaambiwa?

Kabla ya kuaga, mzee akiwa ameshaondoka, nikamuuliza Rahma tarehe, nimalizie habari yangu vizuri. Alikata uzi kwa meno, akalivuta koti la mzee karibu na mashine.

"Kasoli si mbali," akasema. "Nenda ukamuulize mzee mwenyewe."