Milango Kumi na Mmoja

Kwa mama yangu, ukialika watu hukisii vichwa, unakisia milango. Mlango mmoja, biskuti kumi: sita za kuliwa uani, nne za kufungwa kwenye kitambaa kwa mgonjwa, kwa mzee, kwa baba aliyebaki kazini. Mgeni akitoka kwake bila kifurushi mkononi, mama aliona kama hajamkaribisha.

Binti yangu alipokaribia kupokea komunyo ya kwanza, mtaa wetu wa Kolwezi ulikuwa umebaki na milango kumi na mmoja. Zamani ilikuwa arobaini. Machimbo yalikuwa yamefika nyuma ya choo cha jirani, kuta zimepigwa alama nyekundu, na watu walikuwa wamehamishwa nyumba kwa nyumba, wengine upande wa Manika, wengine hadi Tenke. Tingatinga lilifuata nyuma yao. Kati ya waliobaki, mama ndiye aliyekuwa hataki hata kulisikia neno kuhama. Mwaka mzima nilimbembeleza, nikamfokea, nikanyamaza, nikamfokea tena. Nilikuwa nimechoka kufagia vumbi lile na kushtuka kila baruti ilipolia.

"Utapika biskuti mia ine," aliniambia juma lile.

"Za nani, mama? Batu balishakwenda."

"Hesabu milango yote. Na ile balivunja."

"Mulango yenye haiko, nitaihesabu namna gani?"

"Nilibaita bote. Batakuya."

Moyoni nilicheka, tena kicheko kibaya. Nani atoke Tenke kwa ajili ya biskuti? Aliyehama amehama. Nikahesabu milango niliyoiona kwa macho yangu, nikakanda unga, nikaoka kwenye sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na makaa mengine juu ya kifuniko. Mia moja na kumi. Kisha nikaongeza kumi nyingine, nikajiona mkarimu.

Nisiseme uongo. Hesabu sikuikosea. Nilitaka uani pawe na viti vitupu. Nilitaka mama akae katikati ya viti hivyo, aone mwenyewe kwamba mtaa umekufa, basi akubali tuondoke.

Walikuja. Misa ilipokwisha, pikipiki zilianza kuingia, kila moja na watu watatu, wanne, vikwembe, vitenge vyao vya Jumapili, vimejaa vumbi. Kila familia ilikwenda kwanza kusimama pale nyumba yao ilipokuwa, wakaonyeshana: hapa jikoni, hapa walilala watoto. Baadaye wakaingia kwetu wakipiga kelele za furaha. Tangu baba afariki sikuwa nimemwona mama akicheka namna ile, mdomo wazi, mkono kifuani. Binti yangu alikuwa akipita na sahani ndani ya gauni lake jeupe, na kila alipozunguka mara moja sahani ilirudi tupu.

Haikupita saa moja, nikawa jikoni nakata biskuti nusu. Halafu robo. Kisu kilizivunja vibaya, vipande vikageuka makombo. Mama aliingia kuchukua vikombe, akatazama beseni, kisha akanitazama mimi. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja ukoo wowote, yalizaliwa palepale kando ya mbabula.

"Ulipika ngapi?"

Nikamwambia.

Aliviweka vikombe chini. Kisha akatoka uani, akasema kwa sauti wote wamsikie: "Munisamehe, bajirani. Mi njo nilikosa hesabu. Ni buzee."

Watu wakacheka, wakamwambia si kitu, mama, tulikuja kukuona wewe. Walisema kweli tupu, na ukweli wao ulinichoma kuliko matusi.

Jioni alisimama langoni kuwaaga. Wale wa Tenke walikuwa wamemwacha bibi yao kitandani, hawezi tena kuamka. Mama aliwauliza habari zake, akamtumia salamu, akarudia salamu zilezile mara ya pili kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutuma. Mikono yake ilishika kikwembe, ikakiachia, ikakishika tena. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua moja tu, na nilishindwa kumgusa.

Asubuhi nilimkuta anakunja mashuka.

"Uite kamio ya kubeba bitu," alisema. "Tuende."

"Mama, tungoje kwanza."

"Nilikuwa nabakia hapa juu ya bale batu. Balitoka mbali kuya kwangu, na mi nilibarudisha mikono mitupu. Sasa nibakie juu ya nini?"

Hakunilaumu, wala hajanilaumu hadi leo. Neno lile nilikuwa nimeliomba mwaka mzima. Nikajifunga kikwembe, nikaenda kutafuta kamio.