Mbabula ya Yaya

Mbabula ya udongo, lile jiko la makaa, haidanganyi ukiipiga. Unaiinua, unaigonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Ikiwa nzima inalia wazi. Ikiwa na ufa inajibu kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Mama yangu alikuwa mfinyanzi kule kaskazini, na hilo nililijua kabla sijajua kusali. Ndiyo maana mtu akiniuliza ilikuwaje nikanunua mbabula iliyopasuka, hasira hunipanda upya, ingawa sasa mimi ni bibi kizee na Élisabethville imeshabadili jina.

Tulikaa mtaa wa Katuba, wakati nyumba zake bado zinanuka matofali mapya. Mume wangu alifanya kazi kwenye reli. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa na hatukuwa na mtoto, ndipo ikaja barua kwamba mama mkwe anakuja kututembelea. Barua haikutaja sababu, lakini hata mjinga angeielewa. Alikuja kunipima, na akishanipima angemwambia mwanawe kama nibaki au nirudishwe kwetu. Nami nilimpenda mume wangu, nasema wazi, nilimpenda hadi nikaona haya. Tumbo langu sikuweza kuliamuru, lakini mikono yangu niliweza, na mikono yangu ilijua kupika.

Mume wangu aliniambia mama yake anapenda samaki wa kuchoma, ila awe amechomwa juu ya mbabula ya udongo. Chuma, alisema yule mama, kinaunguza ngozi na kuacha damu kwenye mfupa. Mimi nilikuwa na ya chuma, iliyokatwa kutoka kwenye pipa na kutobolewa kwa msumari, kama karibu kila mwanamke wa mtaa ule. Ya udongo niliiona kwa mtu mmoja tu.

Mtu huyo nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Alikuwa wa kwetu kaskazini, na nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka yangu. Siku niliposhuka kwenye gari-moshi, bibi harusi mgeni asiyejua hata bomba la maji liko wapi, ni yeye aliyenishika mkono. Jumapili tulikaa benchi moja kanisani. Siri za nyumba yangu alizijua zote, maana nilimpa mwenyewe.

Nilipomweleza shida yangu hakusita. "Kuya kesho saa ya chakula," akasema. "Mbabula iko moja tu, lakini weye uko mudogo yangu. Nitakuachia."

Kesho yake nikamkuta ameshawasha moto. Makala, ndiyo makaa, yalikuwa machache mno, mekundu chini kabisa, na samaki mmoja mdogo juu ya waya. Nikamsifu moyoni kwa kubana matumizi. Mbabula yenyewe ilikuwa nzuri, nene, ya udongo wa kichuguu, imepakwa upya udongo mwekundu.

"Kula kwanza," akasema. "Mambo ya kuuzisha itatungoja."

Sasa hapo ndipo palipo na ujinga wangu, na ni ujinga wa watu wa kwetu. Mtu aliyelelewa hapigi jiko ambalo chakula chake kiko juu yake. Kulipiga ni kumwambia mwenye nyumba, mbele ya moto wake, kwamba unamshuku ameweka kitu. Na ukishakula, umekubali, hakuna neno tena. Yaya alijua nimelelewa na nani. Nikanawa mikono, nikala bukari, ugali wetu, na samaki, nikashukuru, nikampa bei yake: kikwembe kipya, kitenge alichonipa mama siku ya harusi.

Mbabula akaniletea mwenyewe jioni, ikiwa imejaa majivu. "Usimwage," akasema, "inachunga udongo." Ningeweza kuipiga alipoondoka. Sikuipiga. Utampigaje dada yako?

Mama mkwe akafika na kuku na mfuko wa unga wa muhogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokosa kitu. Yaya akaja kunisaidia, amevaa kikwembe changu, nami nikafurahi kumwona amependeza. Nikajaza makala, nikapepea, nikapanga samaki watatu wakubwa kutoka Luapula. Mama mkwe akavuta kiti karibu. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Pakalia ta! Upande mzima wa mbabula ukaanguka, na makala na samaki wakamwagika miguuni pake.

Mama mkwe aliinama. Akangoja kipande kipoe, akakikwangua kwa ukucha. Udongo mwekundu ukatoka, na chini yake kulikuwa na bukari iliyokandwa na majivu, imeshindiliwa ndani ya ufa na kukauka zamani.

"Nani alikuuzishia hii?" akauliza.

Yaya alikuwa amesimama kando yangu. Ningemnyooshea kidole tu. Lakini nilikumbuka mkono ulionipokea pale stesheni, nikaona siwezi kumtia aibu mbele ya mgeni.

"Ni miye, mama," nikasema. "Iliniangukia asubuhi, nikaiziba."

Nikangoja yaya anikatishe. Akafungua kinywa kweli.

"Nilimuambiaka aipige kwanza, mama," akasema. "Batoto ba siku hizi habasikie."

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na wangu alikuwa amejifunga nguo yangu mwenyewe.

Mama mkwe alikaa wiki moja. Alikula nilichompa, kilichopikwa juu ya chuma. Siku ya kuondoka akamwambia mwanawe kwamba ukosefu wa mtoto angeuvumilia, Mungu hana haraka. Lakini mwanamke anayemdanganya mkwewe huku mkwewe ameshika ukweli mkononi, huyo angemdanganya na mumewe. Nilimweleza mume wangu kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini basi nilisema uongo. Nikamjibu ilikuwa heshima. Akanitazama kwa huzuni, na mwezi ule ule akanikatia tikiti ya kwetu, ya kwenda tu.

Yaya akaja stesheni. Alilia kwa sauti, watu wakamhurumia. Akanipa furushi la majani ya ndizi. "Kula mu njia, mudogo yangu." Nami, mtoto wa mama yangu, nikalipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Njaa ilinishika mchana tukikaribia Jadotville. Nikafungua majani. Ndani mlikuwa na samaki mkubwa, ngozi yake rangi moja kichwa hadi mkia, haikuungua popote. Nikamvunja katikati, nikatazama mfupa. Ulikuwa mweupe, bila tone la damu.

Samaki yule hakuchomwa kwenye chuma. Yaya alikuwa na mbabula nyingine, nzima, siku zote.