Kaka Yangu na Vyungu vya Mama Zaituni

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, enzi za Mwingereza, nilipokuwa msichana mdogo wa kutumwa kisimani, kijijini kwetu nje kidogo ya Mtinko. Asubuhi hiyo nilimwona kaka yangu Msengi akifanya upumbavu mkubwa kuliko wote aliowahi kufanya. Na miezi iliyofuata nilimwona akifanya jambo ambalo hadi leo, nywele zangu zimekuwa nyeupe, nikilikumbuka najisikia fahari. Nakusimulia kwa sababu juzi niliwasikia wenzako wanakuita mwoga, nawe ukacheka pamoja nao, lakini macho yako hayakuwa yanacheka.

Msengi wakati huo ndiyo kwanza sauti imeanza kuwa nzito. Alichunga ng'ombe wa baba pamoja na wavulana wa rika lake, na kiongozi wao alikuwa Kitundu, mtoto wa jumbe. Jumbe ndiye aliyekusanya kodi ya serikali na kuamua kesi zetu ndogo ndogo, kwa hiyo watu hawakupenda kugombana na nyumba ile.

Jirani yetu alikuwa Mama Zaituni, mjane aliyefinyanga vyungu. Alikuwa na punda mmoja tu, wa kumbebea vyungu hadi gulioni Mtinko, na kwa vyungu hivyo watoto wake walikula. Siku zisizo za gulio punda huyo alijilia majani karibu na kisima.

Basi Kitundu akasema Msengi ampande punda yule wamteremshe mbio kwenye mawe. Kaka yangu alikataa mwanzoni, akasema mnyama si wetu. Wakamcheka. Wakasema sauti imekuwa ya mwanaume, moyo umebaki wa mtoto. Kicheko hicho, mwanangu, ndicho kilichompandisha mgongoni mwa punda. Wenzake wakamchapa mnyama fimbo, akashuka mbio, akateleza, akaanguka na kuvunjika mguu wa mbele. Nilipoinua macho kisimani, wavulana walikuwa wanakimbia, kila mmoja na njia yake. Msengi peke yake alibaki amekaa chini, goti linatoka damu, ameikumbatia shingo ya punda.

Akanituma nikamwite Mama Zaituni. Mama wa watu akaja ametota jasho, udongo umemkaukia mikononi. Kaka yangu akainuka.

"Shikamoo, mama," akasema. "Ni mimi niliyempanda."

Mama Zaituni hakuitikia. Alikaa kwenye jiwe akamtazama punda wake, mpaka jirani mmoja akaja na mkuki kumwondolea mnyama mateso.

Jioni wavulana wote wakaitwa kwa jumbe. Wale wengine wakasema walikuwa mbali na mifugo, hawakuona kitu. Jumbe alipomuuliza Msengi alikuwa na nani, akajibu kwamba waliokuwepo wanajijua, lakini aliyekaa mgongoni ni yeye. Jumbe akamwangalia mwanawe, kisha akaangalia chini.

Baba yetu alikuwa na haraka ya kulimaliza jambo hilo. Akasema atatoa mbuzi, na Msengi apelekwe kwa mjomba kule Kinyangiri mpaka maneno yapoe. Hapo ndipo kaka yangu alipoongea, kwa sauti ya chini, kwa heshima.

"Baba, punda alikuwa anabeba vyungu. Mbuzi hawezi kubeba vyungu. Niruhusu nivibebe mimi."

Akachonga mzega, ule mti wa begani unaofungwa mizigo huku na huku, na kila siku ya gulio akawa anatangulia njiani, Mama Zaituni nyuma yake. Kwetu vyungu vilikuwa mzigo wa wanawake na punda. Mwanaume kuonekana navyo barabarani ilikuwa kichekesho. Kitundu na wenzake walimngoja njiani wakilia kama punda. Kisimani wasichana waliniuliza kama kaka yangu siku hizi anakula majani. Bega lake likavimba, likachubuka, likaota sugu.

Siku moja ya ngoma wakamzibia njia. Nilikuwepo, nimebeba kikapu cha vyungu vidogo. Kitundu akamwambia atue mzigo waende kucheza, anawaaibisha wenzake wote. Mimi nilidhani yale ya kwenye mawe yanarudi. Msengi alipumua kwanza.

"Siku ile mliniambia nipande, nikapanda," akasema. "Leo mnaniambia nitue. Sitatua."

Akapita katikati yao. Hawakumgusa.

Gulio lililofuata tulipotoka alfajiri, tulimkuta Kiula, mmoja wa wale waliokimbia, amesimama nyumbani kwa Mama Zaituni na mzega wake begani. Mama Zaituni akamgawia mzigo. Baada ya mavuno baba yetu na baba yake Kiula wakachangia wakamnunulia Mama Zaituni punda mchanga, na Msengi ndiye aliyemfundisha kubeba. Siku alipomkabidhi, akamwamkia mama yule kama kawaida, na Mama Zaituni akamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Kaka yangu alirudi nyumbani akalia. Sijawahi kumwona tena akilia.

Alipokuwa mtu mzima, wasafiri wa kijiji chetu waliacha mifugo yao kwake, wakalala usingizi huko walikokwenda.

Mwanangu, wenzako watakucheka. Kicheko kinauma, sitakudanganya. Ukiweza kukataa mara ya kwanza, kataa. Ukishindwa, ukaharibu, usikimbie pamoja na wanaokimbia. Baki hapo, sema ni mimi, kisha ubebe ulichoangusha mpaka mwenyewe akuitikie salamu yako. Kuanzia hapo utakuwa na nguvu ya kukataa.

Mungu akupe bega gumu na moyo laini. Akupe rafiki wa kuja alfajiri bila kuitwa. Na popote utakapobisha hodi, watu wafurahi kusikia kwamba ni wewe.