Kibete cha kahawia kilichomfanya Bimkubwa aulize swali

Wakuu, salaam aleikum. Hili limenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Mji Mkongwe, sina sababu ya kulitia chumvi.

Mwaka jana Bimkubwa, mama yangu mzazi, alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafungwa kabisa.

Nkarudi kutoka bara na laptop yangu, nimalizie masta nyumbani Kiponda.

Daktari akatwambia, "Zungumzeni naye kila siku, hata asipojibu."

Mwanzo rahisi. Bei ya pweza, nani kaolewa, nani kazaa. Kisha habari zikaniishia, nkabaki na masomo yangu tu.

Nisameheni, darasa kidogo. Nnasoma vibete vya kahawia: vizito kuliko sayari, vyepesi kuliko nyota, havikuweza kuwaka kama jua. Changu kinaizunguka nyota moja. Swali: njia yake imelala sawa na nyota inavyojizungusha, au imepinda?

Ikilala sawa, huenda kilizaliwa kwenye sahani ya gesi na vumbi iliyoizunguka nyota ikiwa changa. Ikipinda, huenda kilijikusanya peke yake, au kuna kitu kilikipiga kumbo baadaye.

Basi kila baada ya alasiri nnamkalisha karibu na dirisha, pazia linapepea, nnamsimulia. Yeye macho darini. Mara nyingine nlisahau kama niko Kiponda. Nliona tunaelea wawili sisi, kimya, mbali huko.

Siku moja nnazungusha chungwa mezani, ndiyo nyota, na ndimu pembeni yake, ndiyo kibete.

"Kimezaliwa... naye?"

Chungwa likabingirika chini. Dada yangu Raya akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani kasema?"

Bimkubwa akaigusa ndimu kwa mkono wa kushoto. "Hiki. Kimezaliwa naye?"

"Bado sijui, mama." Machozi yananitoka.

"Kaangalie."

Nkaangalia vipimo vya darubini kwenye laptop, wakuu. Sijawahi kufanya kazi vile. Njia ikatoka imelala sawa, karibu kabisa. Msimamizi wangu akanionya tusiape, maana mvuto wa nyota nao huweza kuinyoosha njia iliyopinda.

Nkamwambia Bimkubwa, "Inaonekana wamezaliwa pamoja. Lakini hatuna hakika."

Akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa anaongea polepole, maneno mengine yanampotea. Daktari anasema huenda angeongea tu hata ningemsomea bei za samaki. Sawa. Lakini mie nliloliona ni hili: mgonjwa asiyejibu bado anajua ukizungumza ili utimize wajibu, na ukizungumza kwa mapenzi.

Wenye wagonjwa kama wangu, nyie mnawasimulia nini? Andikeni hapa chini, nitamsomea.