Herufi Moja Katika Jina Lake

Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikitokea Kivu ya Kusini, nilikuwa na diploma ya kufundisha shule ya msingi, Kifaransa kizuri, na Kiingereza cha salamu tu. Nilipewa kiwanja sehemu ya Rubondo, nikalima maharagwe kama majirani zangu. Lakini watu wakishajua wewe ni mwalimu, jembe halikufichi. Haukupita muda mrefu, wanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari wakaanza kuja kwangu kila Jumamosi na fomu za vyuo. Walikaa kwenye mkeka nje ya mlango, wakanisomea maswali kwa Kiingereza, wakanifasiria kwa Kiswahili, halafu wakaningoja mimi niwaambie wajibu nini.

Barua zao za kuomba chuo zilifanana kama maji. Vita, kukimbia, njaa, mutusaidie. Yote yalikuwa kweli, nami niliyapitia. Siku moja nikawaambia, "Hii ni barua ya kijiji kizima. Wewe mwenyewe uko fasi gani, mahali gani, humu ndani?"

Wakakunja karatasi zao, wakaenda. Juma lililofuata msichana mmoja, ambaye kwa kawaida alikaa nyuma ya wenzake, alinipa ukurasa mmoja. Alieleza jinsi alivyoweka maharagwe ya mama yake katika makopo matatu: la kwanza bila majivu, la pili na kijiko kimoja cha majivu, la tatu na vijiko vinne. Kila Jumapili baada ya kanisa alihesabu wadudu. Mwishoni mama yake alibadilisha namna ya kuhifadhi mavuno, na mbegu zikafika msimu wa kupanda bila kutobolewa. Nilisoma mara mbili. Nikamwambia asiguse hata neno moja, labda Kiingereza tu, na hicho mimi sikukiweza.

Aliyekiweza alikuwa rafiki yangu, mke wa sajenti, anayeishi kambi ya jeshi kule Mbarara. Kabla ya kuolewa alifundisha Kiingereza sekondari. Sasa alikuwa anakuja Juru, soko la kambini, kununua maharagwe, na akimaliza anapita kwangu kunywa chai. Kiswahili chake alikipata kwa askari, kikavu na kifupi kama amri. Changu alikicheka, akisema sisi Wakongo tunaongea kama tunaimba. Alikaa mkekani na wale vijana, akasahihisha barua moja moja. Aliposoma ile ya makopo alimtazama yule msichana, akasema, "Wewe nafaa maabara. Hapana jificha tena."

Tukapeleka fomu. Ya yule msichana ikarudi. Kwenye karatasi yake ya ukimbizi jina liliandikwa kwa L, kwenye cheti cha mtihani kwa R. Karani wa chuo aliandika pembeni kwamba hawa ni watu wawili, na zilibaki wiki mbili tu maombi yafungwe. Msichana alinionyesha karatasi. 

"Hiyo kazi ndogo," mke wa sajenti akasema nilipompigia simu. "Mzee yake nakuja Mbarara, naapa mbele ya wakili. Kwisha."

"Dada, baba yake hajatoka kambini tangu tulipofika."

"Kale, sawa. Sasa itatoka."

Baba yake nilimkuta shambani. Alikuwa mtu mpole, ila ofisi zilimtia hofu, na hofu yake ilitoka kwa sura ya hasira. "Niape mimi?" akasema. "Ile siku banaandika jina yake nilibaambia muzuri. Karani wa kambi njo yeye alisikia mubaya. Yeye njo aape!"

Nilijaribu kumweleza, akaendelea kupalilia. Ndipo binti yake, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya baba yake, akasogea mpaka kwenye tuta.

"Papa," akasema, "batu mingi banaweza kuniandikia fomu. Lakini hakuna mwingine wa kusema jina yangu ni nini. Ulinipa weye."

Mzee aliweka jembe begani. Halafu akaenda nyumbani kuosha viatu.

Tulipata ruhusa ya kutoka, tukaenda Mbarara sisi watatu, na mke wa sajenti akatupokea mlangoni kwa wakili. Wakili alikuwa kijana wa pale, anajua Kiingereza na Kinyankole, Kiswahili hapana. Mke wa sajenti akawa mkalimani. Swali la kwanza lilikuwa rahisi: jina sahihi ni la L au la R?

Mzee hakusoma. Alitamka jina. Wakili akaomba alirudie. Akalirudia polepole, kwa heshima, kama anayeita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Sote tuliinamisha vichwa kusikiliza. Kwa lugha yetu sauti ile haiko L, haiko R, inapita katikati. Wakili akajaribu kulisema mwenyewe, ulimi ukamkwama, akacheka. Hata mzee akacheka, nami nikashusha pumzi.

"Muambie hivi," mzee akasema akimgeukia mkalimani. "Ni jina ya mama yangu. Alinilea peke yake. Tulimuzika, na kisha siku tatu huyu akazaliwa. Nikasema, basi, mama amerudi, hajakawia."

Mke wa sajenti alitoa leso, akajifuta machozi. Akasema "Banange," yaani jamani, ndipo akafasiri. Wakili hakucheka tena. Aliandika kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, binti wa mzee huyu. Mzee akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kukiweka alipoonyeshwa, akikazia sana, karatasi isije ikasema hakugusa.

Tukairudisha fomu chuoni kabla maombi hayajafungwa. Kati ya watano wa mwaka ule, wawili walipata nafasi. Mmoja alikuwa yeye, na alipata pia ufadhili, kusomea kazi ya maabara ya hospitali palepale Mbarara. Watatu waliobaki walilia kwangu, na mwaka uliofuata tukajaribu tena.

Siku ya kumpeleka, mzee alibeba godoro kichwani mpaka bweni. Hakukubali kuondoka bila kuona binti yake atachota maji wapi. Akafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Aliwasalimia wasichana wote wa chumba kile, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Tulipotoka nje akaniuliza, "Mama Mwalimu, sasa kesho banamufundisha nini ya kwanza?"

"Sijui, Papa. Mimi sikusoma chuo kikuu."

Akasimama katikati ya njia. "Hujafika? Na watoto ya watu unabapeleka?"

"Ninawapeleka."

Nikadhani nimemkosea. Kisha akatikisa kichwa akitabasamu, akanishika mkono kunivusha barabara, maana magari ya mjini yalimtisha, naye alidhani yananitisha mimi.