Ngazi za Mawe ya Njia ya Wamaza

Chekeni tu, jamani, maana siku ile ya ngazi za Kabambare aibu niliyoipata ingetosha ukoo mzima, na mimi nikaibeba peke yangu, tena suruali ikiwa imechanika.

Nyumba ya Bwana Mkubwa wa Kibelgiji ilikuwa juu ya kilima, na njia yake iliteleza kila mvua ikinyesha, basi akataka ngazi: vikapu vya waya vilivyojazwa mawe viwe msingi, na juu yake mbao nene za kukanyagia. Kazi akapewa Mzee Ramazani, fundi wa pale, naye akaniachia mimi kijana wa Kasongo, akisema wazi kwamba ngazi zikikubaliwa atanipa binti yake Zaina (Zaina mwenyewe alishakubali, msidhani nilikuwa najipendekeza bure).

Mawe ya mtoni yalikuwa mbali. Kando ya njia ya kwenda Wamaza nilishaona rundo kubwa, nikajiambia ni la kantonye, wale watengeneza barabara, ambao hurundika mawe kila mahali na kuyasahau. Sikumuuliza mtu (mtu wa mjini anaulizaje habari za mawe?), nikayasomba kwa toroli. Yalikuwa mawe mazuri ajabu, kila moja likienea mkononi, utadhani mtu alikaa akalichagua.

Siku ya kuzifungua ngazi, jua la mchana, Bwana Mkubwa kasimama juu na kofia yake, watu wamejaa chini. "Pandeni!" Hakuna aliyepanda. Bibi mmoja akainama, akaokota kijiwe, akakiweka juu ya kikapu cha kwanza, akanong'ona, "Napita, usinifuate," kisha akazunguka kupitia kwenye tope. Aliyemfuata akafanya vilevile, na mwingine, na mwingine. Hakuna aliyecheka wala kunitazama.

Mimi na kiburi changu nikasema nitawaonyesha. Nikapanda. Ubao ukalia chini yangu, sawa, mbao hulia. Lakini nilipouacha ukalia tena. Na uliofuata vilevile, nyuma yangu, taratibu, kama mtu mwenye mzigo mzito. Nikageuka, hakuna mtu. Nikasimama, na sauti nayo ikasimama. Hapo heshima ikaniisha, nikatimua mbio, suruali ikanasa kwenye waya ikachanika, nikateremka kilima kwa makalio mbele ya kijiji kizima na Zaina akiwemo, hadi miguuni pa baba yake.

"Ile mawe ulitosha wapi?" akaniuliza polepole, yaani nimeyatoa wapi.

"Njia ya Wamaza, baba."

"Chini yake iko kaka yangu. Alikufa na muzigo ya wazungu kichwani, wakamuacha palepale. Kila mutu mwenye kupita anamutupia jiwe moja, alale."

Nilifungua vikapu vyote, nikayarudisha mawe kwa mikono yangu, mchana kutwa, nikiogopa na kulia. Kisha nikaenda kumpigia magoti mzee.

"Miye nimekusamehe, mutoto yangu," akasema. "Lakini haikuwa miye ulipanda juu yake."

Zaina akaolewa na mwingine, huko Salamabila. Mimi sigusi tena jiwe bila kuuliza ni la nani, na nikisikia ubao ukilia nyuma yangu sigeuki. Nasogea kando, apite.