Ushuhuda wa Kiziwi

Asifiwe Mungu, aliyenivumilia mpaka mvi hizi bila kunichoka. Mimi ni prezida wa korali, yaani kwaya, ya paruwasi (parokia) yetu, hapa Kampemba. Mwimbaji wetu mkuu, Mama Odette, alitaka kuacha korali, akisema sauti yake haigusi mioyo ya watu. Basi, ili nimtie moyo, nikaingia kwenye duka la mtandaoni linalouza albamu yetu, nikakuta wanunuzi wameandika maoni na kutupa nyota tano. Sikungoja kuyasoma yote: kwangu mimi maneno ya nyota tano ni ushuhuda, na ushuhuda husomwa kanisani.

Jumapili, baada ya matangazo, nikasimama na simu yangu. "Tangu niweke wimbo wa kwanza, panya wote wamehama nyumbani kwangu." Nikapaza sauti: "Ukombozi huo, ndugu zangu! Amina?" Katekista peke yake aliitikia, tena kwa kukohoa. Nikaendelea: "Mgeni aliyekaa kwetu tangu Pasaka alifunga mizigo kabla ya wimbo wa pili." Vijana wakainamisha vichwa, nikadhani wanasali.

"Jirani yangu ni kiziwi," nikasoma, machozi yakinilenga, nikingoja uponyaji. "Tulipoweka albamu hii, alitazama nyuso zetu, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa... ukiziwi wake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kanisa zima likaangua kicheko, na Mama Odette akasimama akijifuta macho. "Papa Prezida, huyo kiziwi mumulete ku korali! Yeye njo muntu wa kuimbia bila woga!"

Mama Odette hakuacha; bado anaimba. Nawe unayesoma, Mungu akubariki, akupe watu wa kukucheka huku wakikupenda.